Mipira Iliyofungiwa Stoo

Iko itikadi iliyoota mizizi katika nyumba nyingi za Muthara, na si Muthara peke yake bali Tigania nzima, na kutoka Meru hadi Embu, kwamba mashindano ya michezo baina ya shule ni anasa ya watoto wa shule za kimataifa, wale wanaoteremka katika mabasi mazuri kule Nairobi, kila mmoja na jezi yake na chupa yake ya maji, ilhali mtoto wa mkulima, ambaye karo yake hutoka katika bunda la miraa na mkungu wa ndizi, hana ruhusa ya kushika kitu kingine ila kitabu. Nimeisikia ikisemwa na wazazi wenye huruma, na walimu wenye juhudi, na hata wazee wenye busara ambao katika mambo mengine ningewafuata nikiwa nimefumba macho. Katika jambo hili siwafuati.

Natuanze na matajiri wenyewe, madhali ndio wanaotolewa mfano. International School of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1976, ni mojawapo ya shule za jumuiya iitwayo ISSEA, ambayo huzikutanisha shule za kimataifa za kusini na mashariki mwa Afrika, za Nairobi na Dar es Salaam, za Lusaka na Maputo, katika soka, voliboli, mpira wa kikapu, riadha na kuogelea. Mtu akiwatazama watoto hao kwa mbali hudhani wanatembezwa tu kwa fedha za baba zao. Hasha! Diploma ya International Baccalaureate, mpango uliozaliwa Geneva mwaka 1968 na unaofuatwa na nyingi katika shule hizo, ina sharti kwamba mwanafunzi, kwa muda usiopungua miezi 18, ajishughulishe na kazi za ubunifu, na mazoezi ya mwili, na huduma kwa watu. Na asipolitimiza sharti hilo hapewi diploma, hata alama zake za hesabu ziwe nzuri namna gani. Basi mchezo tunaomkataza mtoto wetu kwa hoja kwamba utamharibia masomo, mwenzake wa Nairobi amefaradhishiwa kuwa ni sehemu ya masomo yenyewe.

Wala si kwamba sisi hatukuandikiwa. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kipindi cha mazoezi ya mwili kimekuwamo katika ratiba ya shule zetu. Lakini kwa kuwa hakikutahiniwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliodumu mpaka mwaka 2023, kiligeuka kuwa mali ya kila mwalimu mwenye deni la silabasi. Nakumbuka shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, jinsi tulivyokuwa tukivua sweta na kuzikunja juu ya madawati, tayari kwenda uwanjani, na mara mlango ukafunguka akaingia mwalimu wa hesabu na boksi la chaki. Hakuna aliyelalamika. Tulivaa sweta zetu tukaketi. Jambo hili lilitokea wiki baada ya wiki hata tukaacha kuzivua, na mimi nasema kwa dhati ya moyo wangu kwamba hesabu za vipindi vile vya kunyang'anywa sikumbuki hata moja. Na sasa, gredi ya 10 ya mfumo mpya ilipoanza Januari 2026 na sanaa na sayansi ya michezo ikiwa mojawapo ya njia tatu ambazo mwanafunzi anaweza kuzichagua, nauliza: atachaguaje njia hiyo mtoto ambaye kwa miaka tisa hajaachiwa mpira?

Nilihudhuria mashindano ya zoni katika uwanja mmoja ulio chini ya vilima vya Nyambene. Mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu ya jikoni, na upepo ulikuwa ukiipeperusha kidogo kidogo, hata kufika adhuhuri refa alikuwa akiamua kona kwa kukisia. Timu mbili za wasichana zilikuja kwa miguu. Mabeki wawili wa timu moja waligawana jozi moja ya viatu: aliyepigia mguu wa kulia alivaa cha kulia, mwenzake akavaa cha kushoto, na ile miguu mingine miwili ikabaki mitupu. Walifungwa. Nahodha wao, binti mwembamba ambaye mwalimu wake aliniambia kwamba darasani hajapata kuinua mkono, alikwenda kwa refa akamweleza kwa staha kwamba bao la pili liliingia baada ya mpira kutoka nje, refa akakataa, binti akamshukuru, akawapanga wenzake mstari mmoja wakawape mkono waliowashinda. Sijui ni ubao gani ungemfundisha hayo kwa muda wa dakika tano.

Wazazi husema mpira utamtoa mtoto shuleni. Ndugu zangu, sisi sote twajua kinachowatoa wavulana wetu shuleni, nacho si mpira. Ni mti wa miraa, ambao mvulana mwepesi hupanda na kuchuma kabla ya jua kuchomoza, akalipwa papo hapo, na akiisha kuzizoea fedha hizo kalamu humwia nzito. Mvulana huyo hatarudishwa na kiboko wala na hotuba ya siku ya wazazi. Mimi nimeona wanaorudi kwa sababu Jumamosi kuna mechi na asiyehudhuria darasani hapangwi.

Wengine hushika hoja ya gharama, na hiyo naipa haki yake, kwani kuanzia zoni kwenda kaunti ndogo, kaunti, mkoa, taifa na hatimaye Afrika Mashariki, ambayo mashindano yake ya mwaka 2025 yalifanyika Kakamega, kila hatua ina nauli na chakula. Lakini hatua ya kwanza haina nauli, ina miguu. Wasichana wa Kwanthanze kule Machakos, walio katika mkoa uleule wetu wa Mashariki, ambao zaidi ya mara moja wametwaa ubingwa wa taifa katika voliboli, hawakushuka kutoka angani; walianzia mashindano ya chini kama haya. Na anayeniuliza ni wangapi watakaofika alikofika mwanasoka Victor Wanyama, nami namuuliza ni wangapi katika darasa la hesabu watakaokuwa wahandisi, na kwa nini hatujalifunga darasa hilo.

Baada ya mechi ile niliomba kuona vifaa vya shule mwenyeji. Nilionyeshwa stoo iliyo nyuma ya ofisi, na ndani yake, juu ya magunia ya maharagwe, mipira minne ya msaada ikiwa bado ndani ya nailoni, imewekwa isichakae. Ule uliochezewa siku ile ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa gunia. Ufunguo wa stoo hushikwa na naibu wa mwalimu mkuu, naye, niliambiwa, hufunga saa kumi kamili, wakati uleule watoto wanapotoka darasani. Nawaomba wazazi wa shule hiyo, katika mkutano wao ujao, kabla ya kuuliza alama za mtihani, wauulize ufunguo huo.