Madaraja ya Reli ya Nanyuki Yahifadhiwe

Reli iliyofika Thika mwaka wa 1913 iliendelezwa kupitia Murang'a, Sagana, Karatina na Kiganjo hadi ikatua Nanyuki mwaka wa 1930. Nchi ile ya mito na mabonde haikupitika pasi na madaraja.

Wapo wadaio kuwa urithi huo ni wa mkoloni, heri uchakae. Hoja yao haikosi mashiko: reli ilikusudiwa kumfaa mlowezi, ilhali Mwafrika wa Nyeri alizuiwa hata kupanda kahawa. Ndani ya mabehewa neno daraja lenyewe (ajabu ya lugha yetu!) liliwatenga watu: Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Hata hivyo, dhuluma hiyo ndiyo sababu ya kuyahifadhi. Ushahidi haubomolewi kwa kuwa unauma. Mahakama ya Waafrika ya enzi hizo mjini Nyeri leo ni makavazi, na hakuna aonaye kuwa mkoloni ametukuzwa.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 humruhusu Waziri kutangaza jengo la umri wowote kuwa kumbukumbu ya taifa. Safari za abiria zilirejea mwaka wa 2020 baada ya reli kukarabatiwa. Kabla ya ukarabati mwingine, madaraja haya yaorodheshwe, yapigwe picha, na wazee wa Karatina na Kiganjo wahojiwe.