Waendao Loita kwa Miguu Wapige Hodi Kwanza

Kila Jumamosi asubuhi mji wa Kiserian hupokea vijana makundi kwa makundi, mikoba mgongoni, wakishuka kwenye matatu ili kuupanda mgongo wa Milima ya Ngong. Jioni huwa wamekwisha kurudi makwao. Sasa wako wanaotaka zaidi ya hayo. Vijana kadhaa wa papo hapo Kiserian wamenieleza azma yao ya kushika njia kwa miguu kutoka mjini kwao, kupita Olorgesailie na Magadi, kuvuka mto Ewaso Ng'iro wa kusini, kupanda magenge ya Nguruman na kufikia Loita, penye msitu ambao Wamaasai huuita Naimina Enkiyio, yaani msitu wa mtoto aliyepotea. Wanaiita safari ya turathi za dini. Orodha ya viatu, mahema na dawa iko tayari, imeandikwa vizuri sana. Nimeisoma mara mbili, na sikuona popote jina la mwenye nyumba.

Njia yenyewe wameichagua vyema, pengine kuliko wanavyojua. Upande huu wa Ngong unahusishwa na Olonana, laibon mkuu aliyetia mkono mkataba wa mwaka 1904 na Waingereza na kufariki mwaka 1911, yule ambaye jina lake Wazungu walilipa kilele kimoja cha Mlima Kenya wakakiita Lenana. Upande wa Loita nako ndiko uliko ukoo wa nduguye, Sendeu. Baba yao, Mbatiany, alifariki karibu na mwaka 1890, wakati ambapo maradhi yalikuwa yakiwafyeka ng'ombe na ndui ikiwafyeka watu, na wana hao wawili wakagombea urithi wa baba mpaka Sendeu aliposalimu amri mwaka 1902. Kuna wanaosimulia kwamba Olonana alidamka alfajiri, akamtangulia nduguye kwa mzee, akapewa vyombo vya ulaibon vilivyokuwa vimekusudiwa mwingine. Aliyesoma visa vya Mitume hatakosa kumkumbuka Yakubu na nduguye. Basi mtu akitoka Kiserian akenda Loita kwa miguu, anatoka kwa ndugu mmoja kwenda kwa wa pili. Hiyo ni ziara, wala si matembezi ya kunyoosha miguu.

Na ziara ina adabu zake. Sisi tuliosomea chuoni, tukikaa juu ya majamvi mbele ya mwalimu, tulifunzwa kuwa hija humlazimu mwenye uwezo, na uwezo wenyewe ulianza nyumbani: deni lilipwe, amana irudishwe kwa mwenyewe, watoto waachiwe masurufu ya kuwatosha mpaka baba arejee, atafutwe mwenzi mwema wa njiani. Chakula na kipando vilitajwa pia, lakini havikutajwa peke yake. Kwa ufupi, mtu alijitengeneza na watu kabla hajaitengeneza mizigo.

Wapwani wa zamani waliingia nchi hii ya Wamaasai kwa biashara, hawakuja kuzuru, lakini hata wao walijua jambo hili. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipotaka kuikata nchi hiyo, alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani, mzoefu wa njia zile, wakafika Ngongo Bagas, mahali pa misafara kununua chakula pembezoni mwa milima hii hii ya Ngong. Msafara ulikuwa na kirangozi wake wa kutangulia, na msafara ulitoa hongo. Neno hili, ndugu msomaji, tumeliharibu sisi wenyewe. Leo hongo ni noti inayokunjwa kiganjani mwa karani. Zamani ilikuwa ni ada ya njia, waya na shanga na nguo zilizotolewa mchana kweupe, mbele ya watu wote, kumkiri mwenye nchi kuwa ndiye mwenye nchi. Napenda vijana wa Kiserian walirudishie neno hilo heshima yake ya zamani.

Najua watanijibu kwamba barabara ya Magadi ni ya lami na ni ya serikali, haina mlango wa kubishwa. Kweli. Lakini mti wa oreteti, jamii ya mkuyu, ambao wazee husimama chini yake kumwomba Enkai, haukuota juu ya lami. Msitu wa Loita nao si uwanja mtupu. Miaka ya 1990 Baraza la Kaunti ya Narok la zama hizo lilipokusudia kuugeuza kuwa hifadhi ya watalii, wenyeji walikataa, wakalipeleka jambo lao mahakamani. Wale hawakuwa wachache wa kupenda ugomvi. Mle ndimo wanamofanyia ibada zao, ndimo wanamochuma dawa, na ndimo ng'ombe wao wanamokimbilia wakati wa ukame. Mtu aliyekwisha kuzuia basi la watalii mlangoni mwake atawatazamaje vijana ishirini waliovaa kofia za aina moja, ambao hawakuleta hata salamu?

Kwetu pwani jambo hili limepata njia yake. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, lakini hazikuwa pahala pa kila mpita njia. Ukitaka kuingia Kaya Kinondo, kule Kwale, utafungwa kaniki, utatanguliwa na mwenyeji, utaambiwa usichume hata jani. Mgeni anafurahi, kaya imebaki kaya, na fedha anazotoa zinabaki kijijini. Hata Wakristo wanaotoka Kenya kwa miguu kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni, hupokewa makanisani wakalala. (Namugongo ina mashahidi wa Kiislamu pia, waliouawa kabla ya wale Wakristo, zama za Kabaka Mutesa. Watu wachache huwataja.) Kutoka Kiserian hadi Loita hakuna mlolongo wa parokia wa kukupokea. Kuna maboma, na boma lina mzee wake.

Niongeze neno moja kwa wanaosema afadhali njia hii iachwe ilivyo. Haitabaki ilivyo. Ranchi za pamoja zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1968 zimegawanywa nyingi katika Kajiado, na Kiserian yenyewe imejaa kuta na mageti mahali palipokuwa malisho. Njia ya ng'ombe na ya wazee isipokanyagwa, siku moja itaamkia ndani ya ua wa mtu. Msafara unaopita kila mwaka kwa idhini ya wenyeji, ukiongozwa na wao, ni ushahidi kwamba njia ipo. Ndiyo sababu naitaka safari hii ifanyike, wala sisemi isifanyike.

Mengine ni ya kawaida. Waende Julai au Agosti, jua linapopungua ukali, kwa maana kutoka Kiserian wanashuka mpaka penye mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, na pale Magadi kuna maji mengi yasiyonyweka. Watembee alfajiri mpaka saa nne, walale kivulini, waendelee alasiri. Mwenye kusali ajue kwamba Kiserian na Magadi zinakaribia marhala mbili, basi atazame ruhusa yake ya kupunguza sala. Ng'ambo ya Magadi kuna simba, na msituni kuna nyati na ndovu. Hapo kirangozi wa kienyeji si pambo. Alipwe malipo ya kazi, si ya kahawa. Siku tisa naziona za haki. Kumi ni bora, maana ya kumi ni ya kukaa na kusikiliza.

Lakini kabla ya tarehe kuwekwa, watumwe wawili kati yao, waende Loita kwa gari, wakae na wazee, waulize wapi hupitwa, wapi hupigwa picha, wapi haiingii mguu wa mgeni. Wazee wakisema mwisho wa safari ni chini ya magenge ya Nguruman, basi hapo ndipo mwisho, na mahema yafungwe hapo.