Wahesabu kwanza, ndipo wachimbe

Mwaka 2021, meli ya Wajerumani yenye kuitwa Polarstern ilivuta kamera chini ya barafu ya bahari ya Weddell, kule kusini kabisa mwa dunia. Kamera ilipita mita chache tu juu ya udongo wa bahari, ikipiga picha. Wataalamu wakaona viota vya samaki, kimoja baada ya kingine, mu eneo la kilometa za mraba karibu 240. Walikadiria viota milioni 60, na uzito wa samaki wale zaidi ya tani 60,000.

Hakuna aliyewaweka kwenye mizani mmoja mmoja. Mu kazi ya namna hii wanajua picha moja inafunika eneo gani, wanahesabu wenye kuonekana, urefu wa mnyama unasaidia kukadiria uzito wake, kisha wanazidisha kwa eneo lote. Sisi wa migodi hesabu hiyo tunaielewa: mununuzi naye anapima kidogo ili ajue mufuko mzima uko na nini. Kidogo kile kikichaguliwa vibaya, bei yote inaharibika. Picha iko na uzuri huu: inabaki, mwingine anaweza kuhesabu tena.

Inatuhusu nini hapa Kavumu? Inatuhusu juu ya madini. Mwezi wa kwanza 2024, bunge la Norwe lilifungua sehemu ya bahari ya kaskazini kwa utafutaji wa madini. Mwisho wa mwaka ule ule, kutoa vibali kukaahirishwa. Wenye kupinga walisema: wanyama wa kule chini bado hatuwajui vya kutosha. Na kuna makampuni yenye kutaka mawe ya kobalti ya Pasifiki, yakisema yataokoa watoto wa migodi ya Kongo. Tusikubali mateso yetu yawe tangazo lao la biashara.

Lakini ile wanayodai Wanorwe, sisi pia tuidai. Kodi yetu ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaomba utafiti wa mazingira mbele ya kuchimba. Karatasi iko. Ni mto gani wa kwetu ulihesabiwa samaki wake mbele ya kuoshea madini?

Wenzetu watasema: hesabu itafunga mashimo, tutakula nini? Tunawajibu: gorila wa mashariki mwa Kongo walikadiriwa karibu 17,000 miaka ya 1990, na utafiti wa 2021 ukataja 6,800. Bila hesabu ya kwanza, nani angeamini hasara ile? Mto nao ni vile. Ukifa bila kuhesabiwa, hatuna cha kudai, na ni wake zetu wa kwanza kukosa maji.

Lwiro iko karibu, na watafiti wako. Kila mwenye kibali awalipe wahesabu mbele ya jembe la kwanza, na nakala ifike kwa chefu na kwa sendika. Asiyetaka kuhesabu, tujue anaficha nini.