Sinema za mwaka 2019: Ipi ilitusema, ipi ilitusahau?



Wako watu wanaodhani kwamba gazeti la chama cha wafanyakazi lina habari tatu tu: mishahara, ada na mikutano. Hao wakiona mwenzao ameandika juu ya sinema watasema ameishiwa maneno. Mimi nasema sivyo. Mfanyakazi akitoka kwenye mtambo au kwenye shamba la chai jioni, huingia kibanda cha video au hutazama picha katika simu ya mwenzake, na yale anayoyaona humwingia kichwani kuliko hotuba zetu sisi viongozi. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, ubishi juu ya stelingi huwa mkali kuliko ubishi juu ya mkataba wa kazi. Basi kama ubishi upo, na sisi tuingie.

Nimechagua sinema za mwaka 2019. Sinema hutufikia zikiwa zimechelewa, na hizo bado zinabishaniwa. Lakini sababu kubwa ni kwamba mwaka huo, jambo ambalo ni nadra, picha zenye wafanyakazi ndani yake zilitoka pande nyingi za dunia kwa wakati mmoja: Marekani, Korea ya Kusini, Uingereza na hata Senegal, Afrika yetu hii.

Kabla ya kuhukumu, lazima tuwe na kipimo. Magazeti makubwa hupima sinema kwa fedha ilizokusanya na kwa majina ya wachezaji. Kipimo changu ni cha kibarua. Nikimaliza kutazama nataka kujua: kazi ilifanywa na nani, alilipwa nini, na nani alikuwa na sauti ya kuamua? Sinema inayojibu maswali haya kwa ukweli ni yetu. Isiyojibu inaweza kutuchekesha, lakini si yetu.

Tuanze na moja ya zile zilizovuna fedha nyingi, The Lion King ya kampuni ya Disney. Ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Ni hadithi ile ile ya mwaka 1994, imepigwa upya kwa kompyuta, na majina ndani yake ni ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Maneno “hakuna matata”, ambayo watu wetu wameyasema bila kumdai mtu senti, kampuni hiyo iliyasajili huko Marekani kuwa alama yake ya biashara mwaka 2003. Mwaka 2018, picha mpya ikikaribia kutoka, maelfu ya watu walitia sahihi kupinga jambo hilo. Na tazameni hadithi yenyewe. Katika ufalme ule hakuna anayefanya kazi. Mfalme huzaliwa mfalme, na punda milia na swala humpigia magoti mtoto wake, nao ndio watakaoliwa!

Wengi watasema hiyo ndiyo iliyotuangusha kuliko zote. Mimi nakataa. Mtu hukuangusha ikiwa ulimtarajia. Kutoka kwa Simba sikutarajia kitu.

Sasa twende kwa zile zenye uzito. Sifa kubwa kuliko zote ilikwenda kwa Parasite, ya Bong Joon-ho wa Korea ya Kusini. Mwezi wa Mei 2019 ilipata tuzo kuu ya Cannes, Ufaransa, na Februari 2020 ikawa sinema ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya sinema bora. Ni habari ya jamaa mmoja maskini, baba, mama, kijana na binti, wanaoishi katika chumba kilichozama nusu chini ya ardhi na kukunja maboksi ya piza kwa ujira mdogo. Kwa ujanja wanaingia mmoja mmoja kufanya kazi katika nyumba ya tajiri: huyu mwalimu, yule dereva, mwingine mpishi. Ili wapate nafasi hizo wanawasingizia dereva na mtumishi wa zamani mpaka wanafukuzwa. Kisha inagundulika kwamba chini ya nyumba ile amejificha maskini mwingine, mume wa yule mtumishi. Hapo wanyonge wanashikana makoo, na tajiri amelala juu wala hana habari.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Nani kati yetu hajaona kibarua akimchongea kibarua mwenzake kwa mnyapara ili apate zamu yake? Sinema hii inasema kweli, na naisifu kwa jambo la pili pia: Bong aliipiga kwa mikataba rasmi ya kazi na kwa kuheshimu saa za kazi za mafundi wake. Lakini ina upungufu kwetu. Katika saa mbili zile watumishi wa pande mbili hawaungani. Imeonyesha ugonjwa vizuri sana, dawa haikuigusa.

Ya tatu ni Atlantique, ya Mati Diop. Alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kushindanisha sinema yake kwa tuzo kuu ya Cannes, na alipewa tuzo ya pili kwa ukubwa. Mahali ni Dakar, Senegal. Vijana wanajenga jumba refu la kifahari kando ya bahari na hawajalipwa mshahara wao. Wanadai, wanajibiwa maneno matupu, na usiku wanapanda mashua kwenda Hispania. Wanakufa baharini. Baadaye roho zao zinawaingia wasichana wa mtaani, nao wanakwenda usiku nyumbani kwa yule tajiri, macho meupe, kumdai mshahara. Tajiri analipa. Tena wanamchimbisha makaburi yao kwa mikono yake mwenyewe.

Mwenye roho ngumu atasema hayo ni mambo ya mizimu. Lakini nani alisema deni la mshahara hufa na mdai? Sinema hii ni nzuri, na inauma. Neno langu juu yake ni moja tu: sisi tudai tukiwa hai.

Ya nne ni Sorry We Missed You ya Ken Loach, iliyopigwa Newcastle, Uingereza. Ricky anataka kazi ya kupeleka mizigo majumbani kwa gari. Anaambiwa hataajiriwa, eti yeye ni “mwenye biashara yake”. Basi gari ni lake, mafuta yake, hasara yake, bali saa na njia hupangwa na kampuni kwa kimashine kinachomfuata kila hatua. Akiugua analipa faini. Haja ndogo anamaliza ndani ya chupa, kwa kuwa hana nafasi ya kusimama. Mkewe aliuza gari lake ili mume apate malipo ya kwanza ya gari la kazi, na sasa anapanda basi kwenda kuwaosha wazee na wagonjwa. Ricky anapigwa na wezi, anaumia vibaya, na bado anadaiwa fedha za kimashine kilichovunjwa. Mwishoni anaingia garini akiwa na majeraha na kwenda kazini, huku mke na watoto wanamzuia.

Msidhani hayo ni ya Wazungu. Vijana wetu wa bodaboda wanaoitiwa abiria kwa simu wanayajua. Na huko mashambani, mkata miwa anayeletwa na wakala akiuliza mwajiri wake ni nani, shamba husema ni wakala, na wakala husema ni shamba. Njia ni ile ile: mwajiri anajificha ili asiwe na wa kumdai.

Sasa nafika kwenye ile ninayosema ilituangusha kuliko zote. Ni The Irishman ya Martin Scorsese. Hii niliitarajia. Ni sinema ya saa tatu na nusu, na katikati yake yumo Jimmy Hoffa, aliyekuwa rais wa chama cha madereva wa malori cha Marekani tangu 1957 mpaka 1971. Mtu huyu mwaka 1964 alipata mkataba mmoja wa nchi nzima kwa mamia ya maelfu ya madereva. Tarehe 30 Julai 1975 alitoweka, na mpaka leo maiti yake haijaonekana. Alikula na majambazi, hilo halina ubishi. Lakini madereva walimpenda kwa sababu aliwapatia mshahara.

Katika saa zile tatu na nusu tunaona bastola, hoteli na wazee waliovaa suti. Dereva wa kawaida yuko wapi? Yumo ukumbini akipiga makofi. Hatumwoni mkewe akihesabu mshahara, wala hatusikii mkataba ule ulimpa nini. Chama cha wafanyakazi kimeonyeshwa kama duka la watu wawili watatu. Mtu asiyekijua chama akiitazama atatoka akisema, “Kumbe vyama ni wezi tu,” na hayo ndiyo maneno ambayo mwajiri angelipa fedha yasemwe.

Wako wanachama wanaonipinga hapa, na hoja yao nitaitaja kwa haki. Wanasema: sinema hiyo inaonyesha fedha za uzeeni za madereva zikikopeshwa kwa majambazi wajenge nyumba za kamari huko Las Vegas, na hilo ni funzo kwetu sote tunaoshika ada za watu. Ni kweli, na kiongozi wa tawi anayechukia swali la “ada zetu ziko wapi?” aitazame mara mbili. Lakini hata wizi huo umeonyeshwa upande wa wezi tu. Walioibiwa hawakupewa hata dakika kumi za kusema.

Na iliyo bora? Kwangu ni American Factory, ya Steven Bognar na Julia Reichert. Hii si hadithi ya kutungwa. Ni watu halisi katika kiwanda halisi. Karibu na mji wa Dayton, Ohio, kampuni ya General Motors ilifunga kiwanda chake Desemba 2008. Baadaye Fuyao, kampuni ya Kichina ya vioo vya magari, ikachukua majengo yale na kuajiri watu. Mama mmoja anasema kwamba zamani alipata zaidi ya dola 29 kwa saa. Sasa anapata dola 12 na senti 84. Wafanyakazi Wachina nao wamo, walioacha wake na watoto kwao, na wapiga picha hawakuwafanya maadui. Mchina na Mmarekani wanafundishana kazi. Kisha wasimamizi wa Marekani wanapelekwa China kutazama makao makuu, na huko tunaambiwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi ni shemeji wa mwenye kampuni. Wenzangu, hapo nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Wafanyakazi wanataka chama. Kampuni inakodi wataalamu wa kuvunja vyama kwa fedha nyingi. Watu wanaitwa mikutanoni wakati wa kazi na kutishwa kwa maneno laini. Mshahara unaongezwa dola 2 kwa saa kabla ya kura. Novemba 2017 kura zinahesabiwa: wanaotaka chama 444, wasiotaka 868. Na mwishoni mwenye kampuni anatembezwa kiwandani, anaonyeshwa mikono ya mashine itakayochukua nafasi ya watu.

Wengine wananiambia: sinema ambayo wafanyakazi wanashindwa inavunja moyo, utaisifuje? Najibu hivi. Sinema za stelingi asiyekufa zimetuzoesha kungoja mtu mmoja mwenye misuli aje atuokoe. American Factory inatuonyesha jinsi watu wanavyoshindwa, hatua kwa hatua, na mtu akijua mtego umetegwaje ataweza kuuruka. Aliyeitazama ataijua nyongeza ya ghafla ya mshahara kabla ya kura, hata ikija katika kiwanda cha nguo Jinja. Sinema hii ilipewa Oscar Februari 2020, na Julia Reichert, akiwa mgonjwa wa saratani, alitumia dakika yake jukwaani kuwataka wafanyakazi wa dunia waungane. Alifariki Desemba 2022.

Kwa hiyo natoa shauri kwa matawi. Badala ya kungoja kibanda cha video kituchagulie, kila tawi litafute televisheni, lionyeshe moja ya sinema hizi baada ya mkutano wa mwezi, na pawepo mkalimani wa kuieleza kwa lugha yetu bila kuongeza chumvi. Kisha watu wabishane, wanaonipinga wawe wa kwanza kusema.

Na vijana wenye simu za kupiga picha wasikilize. Isaac Nabwana anapiga sinema zake Wakaliga, Kampala, kwa fedha kidogo na vyuma vya kuokota, na Septemba 2019 sinema yake Crazy World ilionyeshwa Toronto, Kanada. Kama bastola za mabomba zimefika Toronto, kwa nini panga la mkata miwa lisifike? Habari ya mchuma chai, ya mama wa zamu ya usiku, ya kibarua wa miaka kumi asiye na mkataba, hakuna Scorsese atakayekuja kuzipiga. Zikipigwa, zitapigwa na sisi.

Umoja ni nguvu.