Kibaha Haipimwi kwa Dakika

Msomaji, hoja za wanaosifu ukuaji wa Kibaha umezisikia. Umezisikia kwenye gari la matangazo la wauza viwanja, kwenye hotuba za uzinduzi, na kwa shemeji yako aliyenunua robo ekari Visiga na sasa anakushawishi umfuate. Nami nimezisikiliza kwa miaka, tena nikiwa mkazi wa hapa. Naomba tuzipitie moja moja, wewe ukiwa hakimu. Sitaki uniamini kwa sababu ninaishi Kibaha. Nataka upime kama hoja hizo zinaweza kukaa meza moja bila kuangushana.

Tuanze na lisilo na ubishi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 128,488 katika Halmashauri ya Mji wa Kibaha. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya 265,000. Mkoa mzima wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani ongezeko la asilimia 84 katika miaka 10. Katika muda huohuo Dar es Salaam ilitoka 4,364,541 hadi 5,383,728, asilimia 23. Kwa hiyo anayesema Kibaha imekua anasema kweli. Ubishi wetu ni juu ya kilichokua, na nani anakilipia.

Hoja wanayoitanguliza ni kwamba Kibaha ni mji kamili unaojitegemea, na kuuita mahali pa kulala pa watu wa Dar es Salaam ni kuudharau. Hoja hii ina mizizi, na sitaibeza. Kibaha ni makao makuu ya mkoa. Kuna viwanda kando ya barabara ya Morogoro, na Pwani imejinadi kwa muda sasa kuwa mkoa wa viwanda. Zaidi ya yote kuna Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordic, likakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Shirika lile lilijengwa kupambana na ujinga, maradhi na umaskini mahali pamoja: shule hapa, hospitali ya Tumbi pale, mafunzo ya kilimo na ufundi jirani. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu wa Kibaha asome Kibaha, atibiwe Kibaha, na apate kazi ya mikono au ya kalamu hapahapa. Huo ndio ungekuwa mji unaojitegemea.

Sasa tazama watoa hoja hii wanavyouza viwanja. Bango halikuambii kiwanja kiko umbali gani kutoka kiwandani. Halikuambii ni mwendo gani hadi Tumbi, hadi sokoni, hadi shule ya sekondari ya kata. Linakuambia ni dakika ngapi hadi Mbezi, na ni kilomita ngapi kutoka Stendi ya Magufuli. Mji unaojitegemea haujitangazi kwa wepesi wa kuondoka ndani yake. Ama Kibaha ina kazi za kuwatosha watu wake, na dakika za kufika Dar si sifa ya maana. Ama dakika hizo ndizo thamani yote ya kiwanja, na kujitegemea ni maneno ya jukwaani. Hawawezi kuwa na yote mawili. Na ukitaka ushahidi zaidi ya mabango, simama Maili Moja saa 11 alfajiri siku ya Jumatatu. Wapo wanaoshuka kwenda viwandani na maofisini, nami nimewaona. Lakini magari ya kwenda Mbezi yanajaa kabla konda hajamaliza kuita.

Wanasema pia, na hii ndiyo hoja iliyowahamisha wengi wetu, kwamba kiwanja cha Kibaha ni nafuu. Kodi ya chumba na sebule Sinza au Tabata, inayolipwa miezi sita mbele, inakula mshahara bila kuacha hata tofali moja. Huku, fedha hiyohiyo inakupa kiwanja, mwakani msingi, mwaka unaofuata unapandisha boma. Hoja ni ya haki, na hamu ya mtu kumiliki nyumba yake mwenyewe sitaigusa kwa neno baya. Nami ndivyo nilivyokuja.

Tatizo ni kwamba bei ya kiwanja inahesabiwa mara moja, na bei ya kuishi juu yake haihesabiwi kabisa. Ihesabu mwenyewe kwa nauli za kwako. Bodaboda kutoka nyumbani hadi lami, gari la kwanza hadi Mbezi au Kimara, gari la pili hadi kazini. Hivyo ni vyombo 3 kwenda na 3 kurudi, nauli 6 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni nauli 132 kila mwezi, kwa mtu mmoja. Kama mume na mwenzi wake wote wanafanya kazi mjini, zidisha mara mbili. Kama kuna mtoto anayesoma Dar kwa sababu mlimhamisha nyumba lakini hamkumhamisha shule, endelea kuzidisha. Andika jumla ya mwaka kwenye karatasi, kisha uiweke kando ya ile kodi uliyoikimbia.

Hapo bado hatujagusa muda. Chukua saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, ambazo kwa anayetoka Kongowe au Mlandizi kwenda Kariakoo si kitu cha kushangaza siku ya mvua. Ni saa 88 kwa mwezi. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa 8 unapata siku 11. Mfanyakazi huyu anafanya kazi siku 22, na anasafiri siku nyingine 11 ambazo hakuna anayemlipa. Mtoto anamwona baba amelala au anaondoka. Vikao vya serikali ya mtaa vinakosa watu, si kwa sababu wakazi hawajali, bali wako njiani. Wanaoimba unafuu hawana mstari wa kuandikia gharama hii, na kwa hiyo hesabu yao haijakamilika.

Watajibu kwamba barabara imemaliza suala hilo. Kweli, kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa hadi njia nane, na anayekumbuka foleni za Kiluvya na Kibamba hawezi kukana nafuu. Lakini soma jina la mradi wenyewe: Kimara hadi Kibaha. Kazi nyingi haziko Kimara. Ziko Kariakoo, Posta, Mikocheni, bandarini na barabara ya Nyerere. Njia maalumu za Mwendokasi, zilizoanza kutumika mwaka 2016, nazo mwisho wake ni Kimara. Kwa hiyo njia nane zimetufikisha haraka zaidi pale tunapokutana wote kugombea gari la pili. Kisha kuna jambo ambalo wanaoisifu barabara wanalipita kimya: barabara hiyohiyo ndiyo iliyopandisha bei za viwanja vya kando yake na kuwasukuma wanunuzi wapya ndani zaidi, kilomita kadhaa kutoka lami. Walichookoa kwenye lami wanakitoa kwa bodaboda.

Na treni ya SGR je? Hii nitaijibu kwa ufupi kwa sababu haihitaji zaidi. Safari za Dar es Salaam hadi Morogoro zilianza Juni 2024, na kuna vituo vya Pugu, Soga na Ruvu. Ni kazi kubwa, na naipongeza. Lakini reli haipiti Maili Moja wala Picha ya Ndege. Inapita kusini, mbali na barabara ya Morogoro ambako watu wamejenga. Zaidi ya hapo, treni ya wafanyakazi huhitaji safari nyingi za alfajiri na za jioni, kwa nauli ya mfanyakazi. Tunajua hilo linawezekana, maana Oktoba 2012 jiji la Dar es Salaam lilipata treni yake ya abiria, ile watu waliyoiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Siku Soga itakapopata ratiba ya namna hiyo na magari ya kuwafikisha watu kituoni, hoja hii itakuwa na nguvu. Leo ni ahadi, na ahadi haimfikishi mtu kazini.

Sasa tufike kwenye hoja inayoniuma kuliko zote: kwamba wenyeji wamenufaika. Wanasema mzee aliyekuwa na shamba la mikorosho na mihogo lisilomlipa kitu ameuza, amejenga nyumba ya bati, amenunua pikipiki. Hakulazimishwa na mtu. Kweli, wengi waliuza kwa hiari, na siwezi kumwambia mzee wa Kizaramo au Kikwere kwamba hakuwa na haki ya kuuza mali yake.

Lakini hiari bila taarifa ni nusu ya hiari. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Ukitoa sehemu ya tano kwa ajili ya njia, unabaki na viwanja 8 vya mita 20 kwa 20. Mzee aliuza shamba, kwa bei ya shamba, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Aliyenunua alileta mpimaji, akauza viwanja 8, kwa bei ya viwanja. Ardhi ni ileile, udongo ni uleule. Kilichobadilika ni karatasi, na karatasi hiyo mzee hakujua kwamba inawezekana. Angeelezwa mapema, angeweza kupima mwenyewe, akauza viwanja 3 na kuwabakizia watoto viwanja 5. Wanaosema amenufaika wanalinganisha alichopata na umaskini aliokuwa nao. Ulinganisho wa haki ni kati ya alichopata yeye na alichopata mnunuzi wake. Leo wajukuu wa baadhi ya wazee hao wamepanga vyumba katika mitaa iliyokuwa mashamba ya babu zao.

Inabaki hoja ya huduma. Tunaambiwa tuwe na subira: watu hutangulia, huduma hufuata, na kila mji ulianza hivyo. Kwanza, angalia jinsi msemaji anavyobadilisha umri wa mji. Wakati wa kupanga bei ya kiwanja, Kibaha ni mji kamili. Wakati wa kuulizwa maji, Kibaha ni mji mchanga. Pili, maji hayakuhitaji kutufuata, kwa sababu yalikuwa yanapita hapa kabla yetu. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi. Uwezo wake uliongezwa kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa siku, na bomba lake kubwa linapita katika ardhi ya Kibaha kuelekea Kimara. Mkazi wa mtaa uliopimwa ndani ndani, anayenunua maji ya boza, anaishi karibu na chanzo kuliko mtu wa Kinondoni. Umbali si sababu. Mitaa iliuzwa kabla ya kuchorewa mabomba.

Tatu, zipo huduma ambazo haziwezi kufuata hata tukisubiri miaka 30. Shule inahitaji eneo, na zahanati, soko na barabara ya kupita gari la zimamoto pia. Ukishauza kila mita, eneo hilo halizaliwi tena. Linanunuliwa kwa fidia au linapatikana kwa kubomoa. Tuliona mwaka 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilipobomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nini maana ya kujenga kwanza na kupanga baadaye. Tuna Sheria ya Mipango Miji tangu mwaka 2007, kwa hiyo hatuwezi kusema hatukuwa na kanuni. Mimi mwenyewe nilionyeshwa na muuzaji ramani yenye barabara ya mita 12 na uwanja wa wazi. Barabara hiyo leo haipishi magari mawili, na uwanja wa wazi una nyumba mbili.

Mwisho wanatuambia kwamba sisi tunaolalamika tumeshapata viwanja vyetu na sasa tunataka kuwafungia wengine mlango. Sijasema watu wasije. Waje, lakini wakute kazi, maji na njia, na wenyeji wauze wakijua thamani ya wanachouza.

Waheshimiwa madiwani, kabla hamjapitisha mchoro mwingine wa viwanja, tangazeni hadharani ni wakazi wangapi wa Kibaha wanaofanya kazi ndani ya Kibaha, na ni maeneo mangapi ya shule na zahanati yaliyobaki bila kuvamiwa katika michoro mliyokwisha kupitisha. Na wewe msomaji unayefikiria kununua, usimwulize dalali dakika. Njoo ulale kwa ndugu huku usiku mmoja, amka saa 10 alfajiri siku ya kazi, panda gari Maili Moja hadi unapofanyia kazi, urudi jioni hiyohiyo. Ukishafika, ndipo uamue kama utalipa.