Selimundu haisomi jina lako la pili

Wiki jana niliposti klipu ya sekunde 50 nikiwa steji ya Embu, nikasema nimetoka kupimwa selimundu. Komenti ya kwanza: "Na wewe ni Mmeru, unatafuta nini huko?" Ya pili: "Hiyo si ni ya Wajaluo?" Hiyo ya pili ikapata laiki kuliko klipu yangu. Sasa kwa sababu klipu ni fupi na hasira yangu ni ndefu, leo naandika.

Kabla mseme, ndiyo, niliacha kampasi mwaka wa pili. Karo. Nilikuwa nasoma baiolojia, na topiki moja tu ndiyo ilinifuata hadi nyumbani. Mathe ni wa Nkubu. Buda ni wa Siaya, alikuja Embu kufundisha, akaoa, akakaa. Mimi nimekulia Runyenjes na huku mtandaoni natumia jina la upande wa mathe, ndiyo maana mnaniona Mmeru mia kwa mia.

Hiyo komenti ya "ni ya Wajaluo" haikutoka hewani. Ina historia, na historia yenyewe inapita kwa huu mlima wetu. Mwaka wa 1949 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuja safari ya utafiti Mlima Kenya. Mmoja wao alikuwa Anthony Allison, kijana aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia shambani hapa Kenya, akisomea udaktari. Wakati wenzake wana mambo yao ya mlima, yeye alizunguka nchi akikusanya damu ya jamii tofauti. Akaona kitu cha ajabu. Pwani, na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa wamebeba selimundu. Huku juu, kwenye baridi, hata mmoja kati ya 100 hakufika.

Swali likawa: mbona jini inayoua watoto ijazane hivyo sehemu mbili zilizo mbali, na katikati isikuweko? Jibu lilikuwa mbu. Ukirithi hiyo jini kutoka kwa mzazi mmoja tu, inakukinga na malaria. Penye malaria kali, wenye nusu waliishi wakazaa. Huku kwetu kwenye majani chai mbu hakuwa na nguvu, kwa hivyo jini haikuwa na kazi.

Alihakikisha vipi? Hapa mniskize. Alichukua watu wazima 30, Wajaluo, 15 wenye hiyo jini na 15 wasio nayo, wakaambukizwa malaria makusudi. Kwa wale wasio nayo, 14 walipata vimelea kwenye damu. Kwa wenye nayo, ni 2 tu. Matokeo yakachapishwa 1954. Imeandikwa walijitolea, lakini mimi kwa hilo neno huwa nakwama. Kenya ya mkoloni, hali ya hatari imetangazwa, mzungu ana sindano, wewe unajitolea kiasi gani? Jina la Allison liko vitabuni. Ya wale 30 je?

Lakini sayansi yenyewe ilisimama. Miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi walifuatilia watoto wakapata kwamba wenye nusu wanakingwa na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kwa hivyo jini ilifuata mbu. Haikufuata kabila. Iko India, iko Saudia, iko hadi Ugiriki, na sijawahi kuona Mgiriki akila ngege Dunga.

Sasa shida iko hapa. Ramani ya 1949 ilikuwa ya watu waliokaa kwao. Sisi hatukai kwetu. Walimu wanahamishwa, polisi wanahamishwa, watu wanafuata kazi, wanapendana kampasi. Ramani imebadilika na vichwa vyetu bado viko 1949.

Deski-meti wangu wa sekondari, wazazi wake wote wa Busia, babake akifanya kazi Embu. Kila Julai, ile baridi yetu ikikaza, huyu jamaa anashikwa na maumivu ya miguu na mgongo hadi analia ndani ya blanketi. Walimu walisema anakwepa prepu. Zahanati ikampa dawa ya maumivu, mara malaria, mara "anakua tu, ataacha". Ilikuwa selimundu, na baridi ni moja ya vitu vinavyoiamsha. Walikuja kujua akiwa kidato cha tatu. Sasa anatumia haidroksiyurea na anaendelea, lakini nyonga iliharibika. Anatembea na mkongojo, na ana miaka 23. Angepimwa akiwa mtoto, kwa tone la damu kwenye kisigino, angeanzishwa dawa za kuzuia maambukizi na watu wangejua wanapigana na nini.

Nilipomwambia mathe naenda kupima, akasema, "Hiyo ni ya watu wa babako." Nikamwambia, mama, mimi pia ni wa watu wa baba. Akacheka. Buda hakucheka. Alizima redio. Akatuambia alikuwa na dadake mdogo aliyekuwa akifura mikono na miguu, macho manjano, akafa akiwa na miaka sita. Nyumbani walisema ni chira, kwamba kuna mwiko mzee fulani alivunja. Miaka yote hii buda hajawahi kutuambia, na mathe pia alikuwa anaisikia mara ya kwanza.

Kliniki niliyoenda (siitaji) dada wa maabara alianza na "wewe ni kabila gani?" Nikamwambia andika zote mbili. Matokeo: AS. Yaani niko na nusu. Siumwi, sitaumwa selimundu. Ni herufi moja tu imebadilika kwenye jini ya hemoglobini, kati ya karibu bilioni 3 za mwili wangu. Lakini nikizaa na mwenye AS mwenzangu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye SS. Kila mimba. Si eti wa kwanza akiwa sawa mmemaliza.

Na msiniletee ile ya "kuna tiba siku hizi". Ipo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jini. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Hiyo si kitu ya kupangia foleni ya SHA.

Dem yangu ni wa Bungoma. Tumekuwa pamoja miaka miwili, na hii hesabu ya nne tumeichora kwa karatasi ya chipo pale mjini Meru, mimi nikijifanya mwalimu. Alinyamaza, akaniuliza kama tutaachana ikiwa naye ni AS. Nilijibu kitu, sikumbuki vizuri, kitu cha ujinga. Anaenda kupima Alhamisi. Ameniambia nisimsindikize, nimngoje nje.