Skrini kubwa siyo ya kipindupindu tu

Vijana wenzangu, leo nasema wazi, na wa kukasirika akasirike.

Projekta ikifungwa hapa kambini tunajua kinachokuja: kunawa mikono, malaria, kipindupindu. Sipingi. Mimi ni volontia, jenereta naibeba mwenyewe. Lakini tulipoomba usiku mmoja wa filamu za zamani za Kifaransa, tukajibiwa eti hizo hatutazielewa, siyo za wakimbizi.

Hatutazielewa? Sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa kule Kongo?

Chukua Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut, ya mwaka 1959. Haina bunduki wala rangi. Kuna mtoto wa Paris, Antoine, kwao ni padogo mpaka analala kwenye korido. Anatoroka shule, anaiba mashine ya kuandikia, na baba wa kambo mwenyewe anampeleka polisi. Anaishia kwenye kituo cha watoto watukutu. Siku moja wakicheza mpira anapenya chini ya uzio, anakimbia, anakimbia tu, mpaka baharini. Pale hakuna tena pa kwenda. Anageuka kututazama, picha inaganda. Mwisho.

Sasa niambieni, anayeishi ndani ya uzio ndiye hataelewa filamu hiyo?

Wengine mnasema, "Si iko kwenye simu?" Ndugu zangu, filamu ile ilipigwa kwa picha pana, na zile mbio za mwisho hazina hata neno moja. Kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na bando linaloisha, utaruka mbele tu. Tena kumbukeni: Marekani Edison alitengeneza sanduku la kuchungulia mtu mmoja mmoja. Ndugu wawili Lumière wakaja kuonesha picha ukutani, Paris, tarehe 28 Desemba 1895, watu wakakaa pamoja wakalipa kuona. Hiyo ndiyo sinema. Simu inaturudisha kwenye sanduku.

Na anayesema tunawasifu wakoloni, aiangalie kwanza. Truffaut alikuwa na miaka 27, na mle ndani shule, polisi na wazazi wa Ufaransa wote wanasemwa.

Tunadai usiku mmoja kwa mwezi. Asiyejua Kifaransa atatafsiriwa kwa maiki, halafu tujadiliane. Projekta ipo, ukuta upo, na muda tunao, tena mwingi mno. Wanaotupangia cha kuona watuulize kwanza.

Ukikubali, sambaza.